Historia ya Dada Yetu Sentimita na Mstari wa Maji

Ndugu waombolezaji, majirani wa mitaa yote minne, wafanyakazi wa ofisi ya bwawa, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, nanyi mtamvumilia msomaji akisita mahali, maana yeye ni mwashi, ameshika mwiko kwa miaka thelathini na karatasi hajaizoea.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sentimita, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mpiga rangi wa mabehewa na mama mshona sare za shule. Jina la Sentimita alipewa na baba akiwa na umri wa miaka sita, siku alipouchukua utepe wa mama wa kushonea akapima kila kitu nyumbani, vitanda, milango, hata masikio ya wadogo zake, kisha baba aliporudi kazini akamweleza kwamba mguu mmoja wa meza ni mfupi kwa sentimita moja na nusu, habari ambayo baba, aliyeitengeneza meza ile kwa mikono yake mwenyewe, hakuipokea kwa furaha.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli tangu mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1982, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha maji, ambako darasa zima lilikuwa na wasichana wawili, naye akahitimu tarehe 30 Mei 1986 akiwa wa pili, na mpaka uzeeni hakuwahi kumsamehe aliyekuwa wa kwanza.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa na ofisi ya bwawa kama msaidizi wa vipimo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2001 akawa mpimaji mkuu wa mafuriko. Alipewa chumba namba tisa, ambacho dirisha lake pekee linatazamana na ukuta wa bwawa, hivyo kwamba jua huingia baada ya saa saba tu na mtu akiinua macho haoni mbingu, anaona zege. Alikaa humo miaka kumi na saba.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na mwoka mikate, shemeji yetu, ambaye tunaye hapa, na ambaye husema kwamba posa yake ilikaa miezi mitatu bila jibu kwa sababu mchumba alikuwa akichunguza kama mikate yake ina urefu sawa. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1992, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1995, ambaye ni fundi umeme, pamoja na mjukuu mmoja wa kike ambaye tayari ana alama kumi na moja za urefu wake kwenye fremu ya mlango wa jikoni.

Sasa tunafika mahali ambapo msomaji anaomba utulivu.

Mwaka 2005 kampuni ya ujenzi iliomba kibali cha kujenga nyumba mia mbili na kumi na mbili kwenye uwanda ulio chini ya bwawa, yaani hapa tulipoketi, na sheria ikataka kwanza ipimwe hatari ya mafuriko, kwamba bwawa likijaa pomoni na milango yote ikafunguliwa kwa mkupuo, maji yatafika wapi. Kazi ile alipewa marehemu. Alilitembea bonde hili kwa miguu miezi minne, akachukua takwimu za miaka thelathini za ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni chini ya daraja, akapiga hesabu, akachora kwenye ramani mstari mwekundu wa mwisho wa maji, na mstari ule ukapita mita tisa chini ya uzio wa mtaa wa kwanza. Ripoti aliitia sahihi tarehe 17 Februari 2006. Kibali kikatoka, nyumba zikajengwa, msomaji wa historia hii akapata kazi ya misingi ya nyumba arobaini na moja, akanunua pikipiki.

Mama mkwe wa marehemu, aliyekuwa mjane, aliuza nyumba yake ya mjini akanunua hii tunayoombolezea, katika mtaa wa kwanza, karibu kabisa na mto, na kila aliyemuuliza kama haogopi bwawa alimjibu, "Mkwe wangu ndiye aliyepima." Neno hilo lilitembea kuliko tangazo la kampuni. Walimu sita walinunua kwa neno hilo, muuza dawa alinunua kwa neno hilo, na mwaka 2008 marehemu mwenyewe na mumewe wakahamia nyumba ya pili kutoka hapa, na tanuri la mikate likajengwa uani.

Ijumaa, tarehe 18 Septemba 2009, mzee msoma vipimo wa darajani alistaafu, akaja chumba namba tisa kukabidhi madaftari yake, mtu mwaminifu, aliyeandika kina cha mto kila siku asubuhi na jioni kwa miaka thelathini na mitatu bila kuruka siku. Dada akafungua daftari moja kwa heshima tu, kama mtu aliyekwisha shiba anavyoonja chakula, akakuta pembeni mwa ukurasa maandishi ya penseli yanayosema kwamba mwaka 1987 mto uliung'oa ubao wa vipimo, naye mzee akausimika upya juu ya jiwe imara zaidi, mita moja na sentimita kumi juu ya pale ulipokuwa. Mzee aliliandika hilo daftarini, lakini fomu za makao makuu hazikuwa na nafasi ya maelezo, zilikuwa na nafasi ya tarakimu tu, basi akapeleka tarakimu. Kwa hiyo tangu mwaka ule mto uliopanda mita nne ulisomeka mita mbili na tisini, na marehemu, aliyepima masikio ya wadogo zake, alizitumia fomu bila kuuliza ubao umesimama wapi.

Alirudia hesabu siku ileile. Maji hayakukomea chini ya uzio. Yalipanda mpaka mtaa wa tatu.

Jumatatu alimpelekea mkurugenzi barua, na mkurugenzi akamjibu kwa upole kwamba nyumba zimeshauzwa, kibali kimeshatoka, wafanyakazi wa ofisi wamekula kiapo cha kutunza siri, na kosa lenyewe lina sahihi ya mtu mmoja. Aliandika tena mwaka 2012, akaandika tena mwaka 2016, na barua hizo mbili zilirudi na muhuri wa kupokelewa na hakuna zaidi.

Ndugu zangu, hapo ndipo dada yetu alipofungiwa, bila kufuli wala askari. Akisema, anavunja kiapo, na mama mkwe wake aliyeuza kila kitu anabaki na kuta asizoweza kumpa mtu. Akikaa kimya, anawasalimia asubuhi watu anaojua wamelala ndani ya maji. Akihama, watu watauliza kulikoni, na akiuza, kama mumewe alivyotaka mwaka 2014 tanuri lilipohitaji nafasi kubwa zaidi, atakuwa anamuuzia mtu mafuriko, na siku ile ndipo alipomwambia mumewe ukweli, na mwoka mikate hakulitaja tena suala la kuuza. Mwaka 2013 alipewa uhamisho wenye cheo, akaukataa. Harusi na misiba ya mbali wakati wa mvua hakwenda, mkamwita mwenye maringo. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Mama mkwe alifariki tarehe 5 Juni 2015 katika chumba hiki cha kushoto, akiisifu nyumba yake, na marehemu, aliyekuwa amemshika mkono, akaitikia.

Wa kwanza kuambiwa hakuwa mume. Alikuwa mdogo wake mwashi, mwaka 2011, nilipokuwa najenga ukuta wa uani kwake, akanieleza yote akiwa amesimama na ndoo ya maji, nami nikamjibu kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, nami niliimeza kwa sababu nilikuwa na misingi mingine minane ya kuchimba mtaa wa nne. Nilifunika kombe mwanaharamu apite. Familia haikunituma kuyasema haya kwa niaba ya dada, haya ni yangu.

Alichoweza alikifanya. Kila mwezi Machi, tangu 2010 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, alipigania maji ya bwawa yapunguzwe mita mbili kabla ya mvua, watu wa umeme wakalalamika, akagombana nao, akashinda mwaka hata mwaka, na ndiyo sababu ninyi hamjawahi kuyaona maji hapa, mkamcheka alipokuwa akienda darajani kila asubuhi kuusoma ubao, mkasema Sentimita anaogopa mvua kama paka. Tangu alipoondoka, hakuna aliyeyapunguza, ila mvua zilikuwa haba.

Mnamo Novemba 2021 alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua kwamba figo zimechoka, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na muuguzi akimuuliza anajisikiaje, yeye huuliza maji ya bwawa yamefika wapi. Tarehe 2 Aprili mwaka huu alimwita binti yake akamtajia maneno ya kuandika, akasema yasomwe siku ya kuzikwa kwake, kwa kuwa kiapo cha ofisi hakimfungi maiti. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2023, saa nne asubuhi, wodi ya pili, kitanda cha dirishani.

Juzi familia ilibishana. Mwanawe alisema mama atazikwa na matusi ya watu. Baba yake akamjibu, "Matusi yatamkuta amelala, mwanangu. Maji yatatukuta sisi." Ubishi ukaishia hapo. Haya ndiyo maneno yake.

"Mstari nilioutia sahihi tarehe 17 Februari 2006 una kosa la mita moja na sentimita kumi. Kosa ni langu, si la mzee wa darajani. Mstari wa kweli unapita nyuma ya duka la dawa. Nyumba zote za mtaa wa kwanza, zote za mtaa wa pili, na kumi na nane za mtaa wa tatu ziko ndani ya maji, jumla mia moja ishirini na nne. Niliwajua wote kwa majina. Sitaki kusamehewa kabla hamjahama."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyehakiki vipimo vyao. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya bwawa waliofika, na kwa namna ya pekee fundi wa milango, aliyesimama kule nyuma, ambaye asubuhi hii ametueleza, na ametupa ruhusa kusema, kwamba bwawa limebakiza sentimita sitini kujaa na mvua ya milimani haijakatika. Inamshukuru mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, ambaye amefungua madarasa tisa. Inawashukuru majirani kwa viti, kwa maturubai, kwa kuni, na kwa miaka yote mliyomsalimia, na inawaomba jambo moja, kwamba tukitoka makaburini, wa mtaa wa kwanza, wa pili na wa tatu tusirudi huku kulala, tupite tuchukue watoto, wazee na vyeti, tupande shuleni, na mwenye hasira na dada yetu aje nayo, huko tutamsikiliza mpaka amalize. Mwoka mikate amezima tanuri tangu jana, na magodoro ya nyumba yake yameshatangulia.

Pumzika, dada yetu. Wenye nyumba wameambiwa.