Mama wa Hatua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Gundi. Walimwita Gundi kwa sababu alipenda maneno mawili yanayoshikana yakawa moja. Mlango ukishikana na hatua unapata doorstep, pale unapokanyaga kabla ya kuingia. Mguu na hatua ni footstep, mlio wa mtu anayetembea.

Mwalimu Gundi aliolewa na seremala aliyefiwa na mkewe. Seremala alikuwa na binti mdogo. Binti huyo alisoma darasani kwake, na hata nyumbani alimwita Mwalimu. Hakuwa mkorofi. Neno mama tu ndilo lililomkwama kooni.

Mwalimu hakumsukuma. Kiti cha marehemu alikiacha palepale dirishani, yeye akakalia kigoda.

"Nimkemee?" seremala alimuuliza.

"Ukimkemea atalisema kwa woga. La woga silitaki."

Siku moja darasani aliuliza nani ana neno jingine lenye step. Binti akanyoosha mkono.

"Stepmother. Maana yake mama wa hatua."

Darasa likaangua kicheko. "Mama yako anatembea sana," mmoja akamtania.

Mwalimu alingoja wanyamaze. "Maana yake ni mama wa kambo," alisema. "Step hiyo si hatua. Ni neno la kale, lilimhusu aliyefiwa." Kisha akainama karibu na dawati. "Lakini yako nimeipenda, mwanangu. Twende polepole. Sina haraka."

Na kweli hakuwa na haraka. Alimsuka nywele, akakesha naye alipougua. Akaitwa Mwalimu, akaitika. Miaka ikapita hivyo.

Asubuhi moja binti akaita kutoka jikoni, "Mama, maziwa yanamwagika."

Basi. Kama vile alikuwa akilisema tangu azaliwe. Mwalimu akaepua sufuria, akatoka uani. Seremala akamkuta anafuta macho.

"Kulikoni?"

"Vitunguu."

"Kwenye maziwa?"

"Nenda kanywe chai yako, baba."

Binti huyo sasa ni muuguzi. Alicheka aliposimulia hayo. "Nilikuwa nyuma ya mlango," alituambia. "Nikajiuliza kwa nini nilimnyima muda wote ule. Tangu hapo nikawa namwita hata pasipo na haja. Mama, uko wapi? Mama, nipe chumvi. Juma lililopita niliita, hakuitika."

Pole sana, seremala. Pole, binti yetu. Umefiwa na mama mara mbili, na hakuna aliye na haki ya kukuambia kwamba mara hii ni nyepesi. Mwalimu Gundi apumzike kwa amani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Huenda nyumbani kwako yupo mtu anayengoja neno moja tu kutoka kwako, wala hakudai. Mwite angali anaitika.