Taa ya Macaloe

Kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Macaloe nilikaa nyuma ya Gracinda, mwalimu kutoka Mueda. Marafiki zake walikuwa mbele, wakitapika kwa zamu, kwa adabu kabisa.

"Tangu nije kufundisha Quiterajo, kule pwani tulikotoka, naiona taa ya kisiwa hiki," alimwambia Bi Sumaia, mkazi wa Macaloe. "Leo nimewaleta wenzangu waione."

"Mwanangu, ile ni taa ya meli inayotafuta gesi. Kwetu ni giza."

"Hapana, mama. Meli ingekuwa imeshaondoka."

"Hata sisi tunangoja iondoke."

Nikajitia kufunga kapu langu. Boti ikagusa mchanga. Rafiki mmoja akajifuta mdomo, akauliza, "Gracinda, taa yenyewe iko wapi?"

Bi Sumaia ndiye aliyejibu: "Subirini jua lizame. Kutoka kwetu inaonekana vizuri zaidi."