Cubaka, Aliyeifundisha Mashine Adabu ya Msiba

Wachungaji wetu, wazazi, ndugu na jamaa mliotoka Louisville na Buffalo, na ninyi wenyeji wetu wa Columbus, mimi ni Alliance, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee safari yake, nami nimejikaza kuandika Kiswahili cha darasani, ila yeye mwenyewe alikuwa akinicheka nikikizungumza, kwa hiyo zile bon na donc za Kifaransa zikiniponyoka mnivumilie.

Ezéchias Cubaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Walungu, Kivu Kusini, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mirindi na Mama Clémence, huyu aliyekaa hapa mbele. Alisoma shule ya msingi palepale Walungu na sekondari Bukavu, akapata diploma yake mwaka 2005, akafundisha hesabu hadi vita vilipotufukuza mwaka 2008, tukaishi katika kambi ya Nakivale, Uganda, na hata kule alifundisha, ubao wake ukiwa mlango wa zamani uliopakwa masizi.

Tarehe 22 Oktoba 2014 alifika Louisville peke yake, kwa kuwa faili lake na letu yalitenganishwa, mimi na Mama tukapelekwa Buffalo miaka miwili baadaye, kwenye theluji ambayo Mama hajaisamehe hata leo. Mwalimu wa hesabu akawa mfunga maboksi ghalani, hakunung'unika, lakini mwaka 2017 alinunua kompyuta iliyochoka, imeng'oka kitufe cha herufi A, akaanza kujifundisha kuandika programu. Masomo ya bure ya mtandaoni aliyatazama kwenye basi na saa ya mapumziko, akinakili kwenye vipande vya maboksi, hata wenzake wakamwita Profesa Boksi, naye akaitika. Jumapili alitupigia simu na kumweleza Mama kwamba katika kazi hiyo kila mabano unayoyafungua lazima uyafunge, kama mlango, Mama akamjibu kwamba hilo alimfundisha yeye angali mtoto, na bila malipo. Ee, natamani simu zile.

Aliomba kazi ya programu huku na kule, wakamkatalia kwa upole au wakanyamaza kabisa, ndipo akaamua kutengeneza kitu cha kwetu sisi. Mnakumbuka jinsi habari za misiba zilivyokuwa zikitufikia hapa Amerika, mtu wa Columbus anasikia wakati watu wa Louisville wameshazika. Basi alitengeneza programu akaiita Mjumbe, ukiiandikia habari mara moja, simu zetu zote zinaipata papo hapo, nasi tukamsifu sana.

Msiba wa kwanza ulikuwa wa mwenzetu Cikuru, aliyefariki Louisville tarehe 9 Februari 2019, na hapo, kusema kweli, Mjumbe alitutia aibu. Kwetu mtu hapigiwi simu akaambiwa amefiwa, wakubwa wanakwenda kwake, wanasalimu, wanamkalisha, anakula hata tonge moja, ndipo anaambiwa akiwa ameshikwa bega. Dada yake Cikuru, Nzigire, alikuwa kazini hapa Columbus akimvisha bibi mmoja mgonjwa sweta, simu ikalia mfukoni, akaisoma peke yake, akaanguka miguuni pa yule bibi.

Kaka alipanda basi kutoka Louisville hadi Northland, mtaa wa hapa Columbus, akatanguliza wazee wawili kama ilivyo desturi, akaomba radhi, akasema ataifuta programu ya Mjumbe na kompyuta ataitupa, abaki na maboksi yake. Nzigire, ambaye hakuwa amemtazama hata mara moja, aliinua kichwa na kusema, "Usiifute. Ifundishe adabu."

Aliifundisha mwaka mzima. Mjumbe mpya hatangazi msiba papo hapo, kwanza anauliza walio karibu na marehemu ni akina nani, na nani amekwenda kuketi nao, na ananyamaza mpaka huyo aliyekwenda ajibu mwenyewe kwamba wamejulishwa. Kampuni moja ya hapa ilipomwita kwenye usaili ilimuuliza kwa nini programu yake inasubiri wakati wenzake wote wanajivunia haraka, akawaeleza habari ya tonge na bega, na tarehe 7 Juni 2021 akaanza kazi ya uhandisi wa programu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Kila alipokuwa na jambo la kurekebisha katika Mjumbe alikwenda kumwuliza Nzigire, marekebisho yakawa mengi kupita kiasi, sote tukaelewa, na tarehe 18 Septemba 2021 wakafunga ndoa, Mungu akawapa Séphora mwaka 2022 na Mirindi mdogo mwaka 2024.

Januari 2025 tumbo lilianza kumsumbua, ikaonekana kuwa ni saratani, akatibiwa kwa miezi mingi, akafariki asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nzigire. Wazee wa kanisa la Buffalo walinifuata kazini, wakanikalisha, kisha tukaenda wote kwa Mama, akatukaribisha, akatupakulia foufou na maharage, tukala, naye akatutazama tulivyokuwa tukimeza kwa shida, akaweka kijiko chini kabla hatujasema. Tulipomaliza kulia, simu yangu ilikuwa ikinisubiri na swali alilolitunga kaka yangu kwa maneno yake, kama Mama amejulishwa, na kama yuko na watu. Nilishindwa kubonyeza, Mama akanishika kidole, tukajibu pamoja, habari ikawafikia ninyi, na ndiyo maana leo mko hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Morse Road waliopika na kulea watoto, wenzake wa ofisini, na wale wa ghala la Louisville waliokuja na kipande cha boksi chenye mwandiko wake, walichokihifadhi miaka yote hii.

Pumzika kwa amani, Cubaka, walio karibu nawe wote wamejulishwa, na hakuna aliyeambiwa akiwa peke yake.