Mbelewele Hazimsubiri Mtu

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzetu na nyote mliofika asubuhi hii ya Jumamosi tarehe 20 Mei 2023, wengi wenu mnaniita Fundi kwa sababu ndimi ninayeendesha mashine ya kuchambua mbegu, na nimesimama kwa niaba ya familia kusoma historia ya dada yangu, mimi niliyemfuata ziwa na kuvaa viatu alivyoviacha hadi nilipoota ndevu. Ninazo kurasa sita mkononi, na saa ya ukutani inasema ni saa tatu na dakika kumi, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisoma haraka, sababu ya haraka hiyo mtaijua kabla sijamaliza.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Novemba 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yetu akiwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama akishona nguo za shule kwa cherehani ya mkono, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alifika wiki tatu kabla ya siku zake, akamkuta mkunga bado yuko njiani, kwa hiyo asitafutwe mtu aliyemfundisha haraka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza 1974, na katika darasa la nne mwalimu wa sayansi alimpa kila mtoto punje moja ya haragwe aipande kwenye kopo, dada akawa anaifukua yake kila asubuhi kutazama kama imeota, mpaka ikafa kwa kutazamwa, naye akalia siku nzima, kisha akapanda nne na kunikabidhi mimi kazi ya kumzuia asizifukue. Aliingia sekondari 1975, akamaliza 1978, akasomea kilimo chuoni kuanzia 1979 hadi 1981, na kuhusu kazi yangu ile ya kumzuia naweza kusema tu kwamba niliishindwa tangu siku hiyo hadi Jumatano iliyopita.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao, chumba cha uotaji, ambako kazi yake ilikuwa kupanga punje mia moja juu ya karatasi iliyoloweshwa, kuikunja, kungoja siku saba, kisha kuhesabu ngapi zimeota, na alifanya hivyo kwa miaka saba huku akiona mbegu nzuri zikizeekea kwenye droo kwa kukosa wa kuzipeleka mashambani. Tarehe 30 Juni 1989 aliacha kazi, akaanzisha kampuni yetu sebuleni kwa mama akiwa na makopo matatu ya biskuti na baiskeli moja, akitembeza mbegu nyumba kwa nyumba, watu wakimtania kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, naye akiwajibu, "Basi subirini kijiuze, mlale njaa," na kwa mdomo huo huo akapata wateja.

Sasa nafika kwenye ndoa yake, na hapa baba mdogo aliniomba jana niruke ukurasa, akisema marehemu hasemwi vibaya, lakini ukurasa huu marehemu aliuandika mwenyewe kwa mkono wake, na juu kabisa ameandika, "Fundi, usiuruke," nami nausimulia kwa maneno yangu.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu, shamba la mbegu chotara za mahindi lina mistari ya kike na mistari ya kiume, na mhindi wa mstari wa kike huchomoza mbelewele, yaani maua ya kiume, kileleni kama mwingine wowote, nazo sharti zing'olewe kwa mkono, mmea kwa mmea, kabla hazijafunguka na kumwaga ule unga wa manjano, kwani zikishamwaga, mmea unajizalisha wenyewe na punje yake si chotara tena, ingawa kwa macho huwezi kuitofautisha na nzuri. Unga huo humwagika umande unapokauka, yaani kuanzia saa nne hivi za asubuhi, na siku moja tu ya kuchelewa inatosha kuharibu msimu mzima.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Mei 1992 na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, na kwa furaha ya siku hiyo aliwapa ruhusa wafanyakazi wake wote kumi na tisa waje harusini, akiamini mbelewele za shamba lake la kwanza kubwa zingechomoza siku tatu baadaye. Jumapili asubuhi alikwenda shambani peke yake, bado ana nywele za harusi, akatembea kati ya mistari ya kike, na alipotoka viatu vyake vilikuwa vya manjano. Mkaguzi wa mbegu alikuwa anatarajiwa Jumatano, na Jumatatu na Jumanne dada yangu aliwaingiza watu shambani wakang'oa kila kilichobaki, mkaguzi akakuta vilele safi, akatia sahihi, na dada yangu akanyamaza, mbegu zikafungwa, zikauzwa kwa wakulima sitini na wanne.

Msimu uliofuata, mkulima mmoja mjane aliingia sebuleni kwa mama na mhindi alioung'oa na mizizi yake, mfupi, una gunzi dogo kama kidole gumba, akaulaza juu ya meza katikati ya makopo, akasema, "Mwanangu, nimelima, nimepalilia, nimeweka mbolea, sasa niambie nimekosea wapi." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sijawahi kuona mtu mzima akitazama sakafu vile. Mficha uchi hazai, na siku ile dada yangu alisema yote, kwanza kwa yule mama, kisha kwa mkaguzi aliyemfungia kibali kwa mwaka mzima, kisha kwa wakulima wote sitini na wanne, akienda kwa kila mmoja na baiskeli na mfuko wa mbegu ya badala, kazi iliyomchukua misimu miwili. Wengi walimsamehe, wachache wakamfungia mlango, na yule mjane akawa mkulima wetu wa kwanza wa mkataba, leo mjukuu wake ndiye msimamizi wa shamba namba sita.

Tangu hapo ikawa sheria kwamba msimu wa mbelewele hakuna ruhusa, si ya harusi wala ya msiba, na sheria hiyo aliianza kwake mwenyewe. Mama yetu alipofariki tarehe 12 Mei 2004 na kuzikwa keshokutwa yake asubuhi, dada alifika kaburini saa tisa alasiri, udongo umeshakauka, na shangazi alimwambia mbele yetu sote, "Mahindi yako yatakuzika." Sitaki kumficha mtu hapa, nami nilimkasirikia, nikakaa miezi minne sizungumzi naye isipokuwa habari za mashine.

Mungu alimjalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1993 na mvulana aliyezaliwa tarehe 6 Januari 1997, na wote wawili walijua kuhesabu punje kabla ya kuhesabu vidole. Kampuni nayo ilikua, 1996 tukahamia kwenye jengo lililokuwa duka la mikate, ambako tulijaribu kukausha mbegu ndani ya tanuri la mikate na tukapata magunia manane ya bisi, 2001 tukapata ghala na mashine yangu, na Septemba 2012 tukafungua maabara ya vinasaba, ambako kipande cha jani kidogo kuliko ukucha kinakuambia kama mche umerithi uwezo wa kustahimili ukame, badala ya kungoja ukame wenyewe uje kukuambia. Binti yake ndiye mkuu wa maabara hiyo, na kutokana na majani elfu thelathini na zaidi aliyoyapima, tumepata mbegu tunayoiita Kumi na Saba, iliyochukua miaka kumi na mmoja, na ambayo wazazi wake wako katika shamba moja tu duniani, shamba namba sita, eka kumi, mwendo wa robo saa kutoka hapa kwa lori.

Marehemu alianza kuugua figo Oktoba 2021, daktari akamwandikia dawa nne na pumziko, akameza zile nne, kwani neno pumzika alilichukia, alikuwa akisema linatumiwa na watu wanaotaka kukupokonya jembe. Alilazwa tarehe 8 Mei mwaka huu, na kila nilipoingia wodini aliniuliza kabla ya salamu, "Zimechomoza?" nami nikamjibu, "Bado, dada, tulia." Jumatano asubuhi tarehe 17 aliuliza tena, nikajibu vile vile na ilikuwa kweli, akanishika mkono akasema, "Zikichomoza, usije huku," na saa nane mchana alifariki, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi sita na siku kumi na nne.

Wazee wa familia waliamua azikwe leo saa nne asubuhi, na kwamba wafanyakazi wote arobaini na wawili wawepo, kwa sababu mtu aliyeajiri watu wengi hivi hawezi kuzikwa na watu ishirini, na mimi nilikubali, kwa huzuni, na kwa aibu ya kile kilichotokea kwa mama, na kwa sababu tulipiga hesabu kwamba mbelewele zitachomoza Jumanne. Joto la wiki hii limetufanya waongo. Saa kumi na mbili na nusu leo nilipita shamba namba sita kuchukua viti, na nimeziona, zimetoka, mstari mzima wa kike, kuanzia barabarani mpaka mtaroni, nikarudi nikawaambia wazee, wakasema tumzike kwanza.

Nimesoma kurasa nne na sasa ni saa tatu na dakika ishirini na tano. Mbili zilizobaki zina vyeti na tuzo zake, naziweka hapa mezani, mwenye kutaka atazisoma.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akitoroka kitandani, nawashukuru majirani waliopika na kutandika, nawashukuru wakulima wetu, na wafanyakazi wenzangu mlioketi nyuma kwa nguo zenu safi siwashukuru bado, ila nawaomba msimame. Baba mdogo, nisamehe. Shangazi, najua unavyonitazama, na maneno yako ya mwaka ule sijayasahau, lakini dada yangu aliwanyima watu sitini na wanne mavuno kwa sababu ya siku moja ya furaha, akaishi miaka thelathini na mmoja bila kukaa kitako ili asiirudie, na sitakubali airudie leo akiwa ndani ya jeneza. Sisi wa damu tunatosha kumbeba, tuko ishirini, na jeneza halina uzito wa gunia.

Msimamizi wa namba sita, lori liko nyuma ya jengo, funguo zimo, anzeni upande wa barabara kwa sababu ndiko jua linakopiga kwanza, na binti wa marehemu atakwenda nanyi, ameniomba mwenyewe, ameshamuaga mama yake.

Shangazi amesimama. Naona anavua viatu vyake vya msibani na kuuliza mlango wa lori uko wapi, ana miaka themanini na moja, mwekeni mbele kwa dereva.

Dada, zimechomoza. Watu wako wameondoka, nawasikia wanapanda, na umande bado upo. Sasa hilo neno ulilolichukia naomba ulisikie mara moja tu, kutoka kwa mdogo wako. Pumzika kwa amani.