Shikamoo Isiyokuwa Yangu

Ndugu zangu, mlio wa kanisani na mlio wa msikitini, na ninyi wawili pale nyuma mliokuja kuangalia nimevaa nini leo, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia niseme ukweli na nisirefushe. Ukweli nitasema. Kuhusu kurefusha, mnanijua.

Sitamtaja mtu jina. Wengine bado tunapishana nao sokoni.

Kwanza mjue aliyesimama hapa ni nani. Nimezaliwa jirani na Kolandoto, binti wa mfugaji, na sikusomeshwa na mjomba wala na mbunge. Nililima pamba, nikauza, nikajisomesha mpaka nikapata stashahada ya upishi. Nikaenda Afrika Kusini miaka minane. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikaondoka nikiwa naamrisha wapishi sita. Hayo sikupewa na mtu.

Kulekule ndiko nilikoacha nyama. Msidhani niliona maono. Siku moja nilikuwa nakata kondoo, mkono ukagoma. Nikaweka kisu chini, na tangu hapo sikula tena kitu kilichotoka kwa mnyama: si nyama, si dagaa, si yai, si maziwa, hata asali. Kule watu wa namna hiyo wanaitwa vigani. Na sikuishia mezani. Viatu vya ngozi niligawa, mikanda niligawa, masweta ya sufu niligawa. Nikajifunza kuvaa pamba, mkonge, ukindu na vifungo vya kifuu cha nazi. Na nilivaa nikapendeza. Mwenye ushahidi tofauti anyooshe mkono.

Hakuna? Haya.

Niliporudi na masanduku yangu manne, sikutaka kukaa mjini kugombania wateja wa chipsi mayai. Nikaenda Nyarugusu, kwa wachimbaji, kwa sababu mtu anayeokota dhahabu leo hulala akiwaza kitu kipya cha kujaribu kesho. Nikafungua mgahawa, nikamchukua mama yangu mzazi tukae wote. Siku ya kwanza akaingia mchimbaji mmoja, vumbi mpaka kwenye kope.

"Madam, nyama iko wapi?"

"Haipo."

"Imekwisha au haijafika?"

"Haipo na haitakuja."

"Sasa mimi nishuke shimoni na majani, kama sungura?"

"Umewahi kumwona sungura anaumwa mgongo?"

Wenzake wakacheka, akaona aibu kutoka, akala. Nilimpa mishikaki ya uyoga iliyokolea pilipili, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama zetu wametulea nayo, nikayaunga kwa karanga yakawa mazito kama uji. Kesho yake alirudi na watu wanne. Ndugu zangu, mimi napika.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Mtindo wangu ulikuwa kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba. Nilishona magauni marefu ya kaniki, kiuno kimekaa, mgongo wazi kidogo, na juu yake kofia pana ya ukindu na mkufu wa vifuu. Naona wenyeji wa Usukumani mmeshaanza kutikisa vichwa. Kwa macho ya Afrika Kusini nilikuwa mwanamitindo. Kwa macho ya Nyarugusu nilikuwa mganga aliyepiga pasi.

Nilizaliwa hukuhuku, na sikuliona hilo. Miaka minane ya ughaibuni na stashahada juu yake vilinifunga macho.

Siku moja mwenye duara mmoja akaja kuagiza chakula. Duara, kwa wasiojua, ni shimo la kuchimbia dhahabu. Alikuwa anafungua jipya, na desturi ni kumchinja mbuzi na kumwaga damu mdomoni mwa shimo kabla mtu hajashuka. Nikamwambia sipiki mahali panapochinjwa. Akanibembeleza, nikakaza. Mwisho akasema, "Basi mbuzi aachwe. Lakini lazima pamwagwe chekundu, Madam, la sivyo vijana hawatashuka."

Nilikuwa na kibuyu cha juisi ya rozela. Nikamwambia, "Hii nayo nyekundu."

Nilimwaga mwenyewe, saa nne asubuhi, jua kali, watu wamezunguka. Na kwa kuwa simu zilikuwa zinanipiga picha, nilimwaga kwa madaha. Nikainua kibuyu, nikainamisha kofia, nikazunguka mdomo wa shimo taratibu. Nilidhani watacheka. Hakucheka mtu. Rozela iliingia kwenye ule mchanga mkavu, ikabaki alama nyeusi. Mbuzi akafunguliwa kamba. Akasimama palepale, hakukimbia, ananitazama.

Duara lile lilitoa dhahabu wiki ileile.

Kuanzia hapo mgahawa ulijaa. Ila ulijaa kimya. Watu waliokuwa wakipigiana kelele na kutaniana sasa walikula kama wako msibani. Walimaliza kila kitu ila tonge moja, na lile tonge walilifunga kwenye karatasi wakaondoka nalo. Mtumishi wangu akaniambia wanakwenda kulitupa shimoni kabla ya kushuka. Kisha nikaanza kuona magauni yangu kwenye kamba yamekatwa. Kipande kidogo cha mraba, upindoni, kimekatwa vizuri kwa wembe. Leo gauni hili, kesho lile. Nikadhani ni panya. Mchana mmoja nikapita kwenye maduara zamu inapotoka, nikaona mikono inatokeza shimoni mmoja baada ya mwingine ikishika kamba, na kila kifundo cha mkono kimefungwa kipande cha kaniki.

Nilisimama pale, jua la saa nane, nikahisi baridi.

Lakini hilo silo nililokuja kutubu. Nililokuja kutubu ni hili. Mzee mmoja mwenye mvi, umri wa marehemu baba yangu, aliingia mgahawani, akavua kofia, akainama mbele yangu, akasema, "Shikamoo."

Mzee. Kunisalimia mimi.

Mnajua mtoto aliyelelewa angefanya nini. Angepiga magoti, angesema, baba, usinitie laana. Mimi nilitazama mgahawa uliojaa, nikatazama picha yangu ukutani, nikajibu, "Marahaba."

Na nikasikia raha. Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Tangu siku hiyo walinipa shikamoo wote, wakubwa kwa wadogo, nami nikaipokea. Nilijua wanaamini nina kitu. Sikusema ninacho, lakini sikusema sina. Wakiniuliza kwa nini sili nyama, nilitabasamu tu nikarekebisha kofia. Niliona ukimya unauza.

Aliyenifungua masikio ni jirani yangu muuza nyanya. Alikuwa anapanga nyanya zake bila kunitazama.

"Dada, wewe unajua wanavyosema?"

"Wanasema napika vizuri."

"Acha masihara. Wanasema umechukua dawa ya utajiri, na masharti yake usile nyama wala usiguse ngozi. Wanasema mbuzi ulimwachia makusudi."

"Kwa nini nimwachie?"

"Kwa sababu damu ya mbuzi haikumwagwa na dhahabu imetoka. Kwa hiyo shimo bado linasubiri." Akaifuta nyanya moja, akaiweka juu kabisa. "Wanasema wewe hutoi mbuzi. Utatoa mtu wako."

Nilimjibu kwa dharau nikaondoka. Kesho yake yule mzee wa shikamoo alipomaliza kula alinisogelea, akaniuliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Umeshamtaja?"

Mimi mtu wangu pale alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyumbani.

Ndipo nilipoanza kukumbuka. Mama alikuwa ameacha kula chakula changu, anasema tumbo. Alikuwa anajichemshia viazi vyake mwenyewe. Alikuwa ameaga kwenda kijijini, akarudi baada ya siku nne, na vyungu vyake vyote alikuwa amewagawia wakwe zake. Aliporudi alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona. Mama yangu si mpole, wanaomjua wanajua.

Nikaenda mbio nyumbani. Nilimkuta amekaa kitandani mchana kweupe, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kanga yake ya maana. Mikono imetulia mapajani.

"Mayu, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, ng'wanawane. Nilikuwa nakusubiri." Akapigapiga godoro nikae. "Kama ni mimi, usinizungushe. Niambie siku, nijiandae."

Nilicheka. Kwanza nilicheka. Nilipoona yeye hacheki, nilimshika magoti nikaapa kwa kila jina ninalolijua. Akanipapasa kichwa. "Najua hutakiwi kusema," akasema.

Nikatoka kama kichaa mpaka kwa muuza nyama choma. Mimi, na yote niliyowaambia hapa, nikanunua nyama ya mbuzi, nikarudi nayo inadondosha mafuta kwenye gauni. Nikasimama mbele yake. "Nina masharti, siyo? Nitazame sasa." Nikafungua mdomo.

Mama aliruka kutoka kitandani. Sijui miguu ile ilipata wapi nguvu. Alinipiga mkono nyama ikaruka mpaka ukutani, akanishika taya kwa mikono miwili, ananifunga mdomo. "Usivunje! Utapata wazimu! Mimi nimeshaishi, mwanangu, mimi nimeshaishi!"

Ndugu zangu, nawaambia, mama yangu aliamini kwamba nimemuuza, na bado alikuwa ananilinda mimi.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilielewa kwamba lolote nitakalofanya litaingia kwenye ile hadithi. Nikila, nimevunja masharti. Nisipokula, nayatimiza. Kilichobaki ni kuvunja ule ukimya niliouuza mwenyewe. Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, nilivua kofia, nikamsimamisha mama kwenye mlango wa jiko asikie, nikawaambia wale wanaume wote: "Sina mganga. Sina dawa. Nilimwaga juisi. Niliwaacha mwamini kwa sababu mlinijazia viti. Na shikamoo zenu hazikuwa zangu, nazirudisha."

Yule mzee akainuka, akaniambia taratibu, kama ananifariji, "Tunajua, mama. Hakuna anayeruhusiwa kukubali."

Wakaendelea kula.

Lakini mwezi haukuisha, mwamba wa lile duara ukakauka, dhahabu ikaisha. Ikasemwa nimeuvunja kwa mdomo wangu. Wateja wakakatika kama maji ya bomba. Asubuhi moja nilifungua mlango, nikakuta vile vipande vya kaniki vimerudishwa kizingitini, vimekunjwa kila kimoja, vimepangwa safu kwa safu. Nilipoviokota vilijaa beseni. Sikuona mtu njiani, wala hakuna aliyeniambia walivileta saa ngapi.

Nilifunga mgahawa. Nilirudi kijijini na mama na masanduku mawili. Mimi niliyewaamrisha wapishi sita, nikawa nakata viazi na kuvianika juani viwe michembe, tule. Mama bado alijipikia pembeni. Tulilala chumba kimoja, na usingizi wake ulikuwa wa kushtuka.

Tuliishi hivyo miezi. Halafu ikatokea harusi ya binti wa kaka yangu. Akachinjwa ng'ombe. Nikapewa sahani imefurika nyama, nikamsogezea mtoto wa jirani, nikabaki na ugali na mlenda. Mama alikuwa ananitazama upande wa pili wa mkeka. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaogopa. Kisha akasema, mbele ya watu:

"Wewe. Mali si imekwisha?"

"Imekwisha, mayu."

"Mgahawa hakuna?"

"Hakuna."

"Na nyama bado huli."

"Sili."

"Sasa hiyo ni dawa gani inayokutesa bure?"

"Siyo dawa, mayu. Nilikwambia. Mkono uligoma tu, kule. Siwezi."

Shangazi mmoja akadakia, "Kwani hamkumbuki huyu tangu mdogo alivyo mbishi?" Watu wakacheka, na mama akacheka nao, mpaka kanga ikadondoka begani. Halafu akasogea kwenye mkeka, akamega ugali kwenye sahani yangu, akachovya kwenye mlenda wangu, akala. Akamega tena. Nililia nikijifanya nimepaliwa.

Sasa nashukuru. Namshukuru jirani yule wa nyanya, aliyeniambia usoni nilichostahili kuambiwa, nami nikamdharau. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mlionipa cherehani na kona ya jiko wakati wengine walikuwa wanavuka barabara wakiniona. Mlikula chakula changu kwa woga, nilikuwa nawaona, lakini mlikula. Leo tunakausha mboga pamoja, tunashona pamoja, na magauni yetu yana rangi, kaniki nimewaachia wenyewe. Nami bado napendeza kuwapita wote humu, msibishe.

Somo langu ni fupi. Ishi unavyotaka, kula unachotaka, vaa unachotaka. Lakini mtu akikuuliza kwa nini, mjibu palepale, kwa maneno ya kueleweka, hata kama ukimya unakupa sifa. Watu hawaachi swali wazi. Watalijibu wenyewe, na jibu lao linaweza kumkalisha mama yako kitandani akisubiri siku yake.

Nimemaliza. Chakula kiko tayari, na leo amepika mama. Kama kuna mtu bado ana wasiwasi, simlaumu. Mlango wa jiko uko wazi. Aingie kwanza, afunue kila sufuria, kisha aje akae.