Fundi Emanueli na Mrija Ambao Haujarudishwa

Ndugu waombolezaji mliotoka Kilosa, Kidodi na hapa hapa Mikumi, anayewasomea ni Domina, mdogo wake marehemu, na maneno haya aliyapanga marehemu mwenyewe akiwa kitandani, akamwapisha Domina asiruke hata mstari; yaliyotokea baada ya kifo chake tumeyaongeza sisi wa familia.

Emanueli Lupakisyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Magomeni, Kilosa, mtoto wa tatu wa Mzee Lupakisyo, aliyeletwa huku na kazi ya reli, na Mama Raheli, akamaliza shule ya msingi Kilosa mwaka 1986, kisha akajifunza uchomeleaji mjini Morogoro, akahitimu mwaka 1989. Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Grace, wakajaliwa Filipo na Loveth, na tarehe 2 Februari 2009 alifungua karakana yake hapa Mikumi, akawa anachomelea matela ya wakulima wa miwa wa Kidodi.

Mashine yake ilikuwa ile inayokula waya, na tochi yake, yaani kile kishikio cha mkononi kinachotoa waya, aliitunza kama mboni ya jicho. Kila alipofunga waya mpya aliupuliza mrija wa ndani unaopitisha waya kwa hewa ya kompresa, akakwangua nozeli, ule mdomo wa mbele, ncha ya shaba ikishapanuka tundu aliitupa bila huruma, na mrija mpya aliukata kwa kupima, kwa sababu ukiwa mfupi waya hukwamakwama na chuma hakishiki. Yote hayo alimfundisha Deo, aliyempokea mwaka 2012 akiwa hajui hata kushika koleo, akamlisha mezani kwake, na Deo alipofungua karakana yake ng'ambo ya barabara, marehemu alimpa baraka. Leo Deo amekaa safu ya pili, shati jeupe, na tunamwona.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2019 Deo alikuja na shikamoo yake, akaazima tochi, akairudisha Jumatatu imefutwa inang'aa, na marehemu, kwa mara moja tu katika ufundi wake, hakuifungua kuikagua, kwani nani anampekua mwanawe. Waya ulipokwamakwama akadhani ni umeme mdogo, akamalizia ulimi wa tela la miwa, kile chuma cha kulifunga kwenye trekta, na wiki iliyofuata ulimi ule ukakatika Kidodi tela likiwa limejaa, hakuna aliyeumia, ila jina la Emanueli lilivunjika vipande vipande, wakulima wakamhama, na walikohamia mnakujua. Alipoifungua tochi hakuukuta mrija wake, alikuta uliochakaa, uliokatwa mfupi na kwa mshazari, mkato aliokuwa akimgombezea Deo miaka yote, pamoja na ncha yenye tundu la kupitisha njiti ya kiberiti, na alipomwuliza, Deo alimjibu kwamba tochi si amerudishiwa, anataka nini tena. Shukrani ya punda ni mateke.

Kamati ya mazishi ilituomba kistaarabu tupaache hapo, eti msibani hayasemwi ya watu, lakini ndugu yetu amekufa akiitwa fundi mbovu, na waliomwita hivyo wamo humu, basi wasikie.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akatibiwa Kilosa na Morogoro, akafariki tarehe 3 Februari 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kulala nasi hapa, na mafundi wenzake wote wa Mikumi, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja aliomba autengeneze msalaba wa kaburi, tukamkatalia, na huu mnaouona ameuchomelea Loveth, kwa tochi ile ile ya baba yake, mrija mpya, ncha mpya.

Kwenye sahani iliyo kando ya picha pana mrija mfupi na ncha ya shaba, vilivyoning'inia mlangoni mwa karakana tangu mwaka ule. Wosia wa marehemu ni kwamba kabla ya shada lolote kuwekwa, Deo aitwe kwa jina, aje achukue kilicho chake mbele ya watu, na jeneza lisiinuliwe mpaka awe amekishika mkononi.

Pumzika kwa amani, kaka. Deo, tunakusubiri.