Dionis Masolwa na Mapito ya Tembo

Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti, na ninyi nyote mliotushika mkono, Mzee Dionis Masolwa alizaliwa hapa Usinge tarehe 14 Agosti 1921, mtoto wa tatu wa Mzee Bernardo, mrina asali, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1946 akaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, kazi aliyoifanya miaka thelathini, Uhuru ukamkuta na bunduki ile ile na kaptura ile ile, ndiyo maana mkamwita Bwana Nyama.

Tarehe 18 Juni 1949 alifunga ndoa na Mama Pelagia, wakajaliwa watoto wawili, Tobias na Imakulata.

Septemba 1974, tulipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, marehemu aliona nyumba zinapangwa juu ya mapito ya tembo waendao mtoni, akaiangukia kamati, wakamcheka kwamba tembo hawana kadi ya chama, lakini mwisho wakamwachia hatua mia tatu zisijengwe. Mwaka uliofuata Imakulata aliolewa, viwanja vilikuwa vimekwisha, na asiye na kiwanja alipelekwa kijiji kingine, mwendo wa siku nzima. Baba ni baba. Alimpimia bintiye kiwanja kwa mkono wake, pembeni mwa nafasi ile, akidhani hatua ishirini si kitu. Baada ya miezi miwili nyumba zilikuwa kumi na moja, maana nani angemkataza mwenzake, ikiwa Bwana Nyama mwenyewe ndiye aliyeanza?

Tembo wakahamia kwenye kona, ambako dereva haoni kitu mpaka amefika, na tarehe 9 Novemba 1975 lori la tumbaku likamgonga ndama, mama yake akalipindua, dereva akafa papo hapo. Marehemu hakucheka tena. Alipostaafu mwaka 1976 alisimama kwenye kona ile kila alfajiri na kila jioni na kitambaa chekundu, akisimamisha magari mpaka kundi lipite, akitukanwa, akinyeshewa.

Tarehe 20 Februari mwaka huu, 1979, alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali Tabora, na kila alipotembelewa aliuliza jambo moja tu, nani anasimama kwenye kona. Tobias, ndiye huyu anayewasomea, alijibu kwamba anasimama yeye. Haikuwa kweli. Tumbaku ilikuwa ndani ya bani, moto wa kuikaushia hauachwi hata saa moja, na kwenye kona hapakuwa na mtu. Alhamisi tarehe 1 Machi basi likawavaa tembo wawili, na jirani yetu Mwamvita, mama wa watoto wanne, akafia ndani yake. Jumamosi, saa nne asubuhi, marehemu alimshika Tobias mkono, akamshukuru kwa kusimama, akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, askari wenzake waliombeba, na ndugu wa Mwamvita, mliokuja leo ilhali kwenu matanga hayajaondolewa.

Baba, mwanao alikudanganya, na sasa unajua. Pumzika kwa amani, kama unaweza.